Altaneta Iliyokuwa Nzima

Ukimuuliza Mama Chaji ni kazi gani isiyomchosha, atakwambia ni kulala, kisha atafikiri kidogo na kuongeza kwamba hata hiyo siku hizi inamchosha. Ana miaka hamsini na sita. Thelathini kati ya hiyo ameimalizia tumboni mwa boti za watu, kapiga magoti kwenye maji machafu yenye mafuta, akitafuta umeme ulikokimbilia. Ufundi alifundishwa na mumewe. Mume alipofariki, alimwachia sanduku la spana, mita ya kupimia umeme, na wateja waliokuwa wakimwangalia kwa jicho la pembeni. Walimwangalia hivyo karibu mwaka mzima. Boti zao zilipoanza kugoma kuwaka, wakaanza kumwita mama.

Jina la Chaji alipewa pale gatini, kwa sababu nahodha yeyote akikutana naye, swali lake la kwanza ni moja tu: "Inachaji?" Salamu hufuata baadaye, tena siku akiwa na nafasi. Na swali lenyewe si la mzaha. Ubavuni mwa kila injini ya boti kuna kidude cha mviringo kinaitwa altaneta. Injini ikizunguka, mkanda unakizungusha nacho, nacho kinatoa umeme wa kujaza betri. Kikilala hicho, betri inaliwa bila kulishwa. Boti itavuka vizuri kabisa kwenda ng'ambo, abiria watashuka wakicheka, halafu saa ya kurudi nahodha anazungusha ufunguo, kimya.

Asubuhi hiyo ya Alhamisi simu iliita Mama Chaji akiwa amekaa kitandani, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Alikuwa katulia hivyo kwa muda, hana haraka ya kukivaa. Aliyepiga ni nahodha wa boti ya abiria, mteja wake wa miaka kumi.

"Mama, imelala tena."

"Ipi?"

"Hiyo hiyo. Mpya."

Mama Chaji alikiangalia kiatu mkononi akatamani kukirusha ukutani, ila ukuta wenyewe ulishapasuka vya kutosha.

Hiyo altaneta mpya aliifunga Jumatatu, kwa mikono yake, na kwa kuwa ni mpya hakuipima. Na ilinunuliwa kwa sababu ile ya zamani ilishawatoa jasho miezi mitatu. Tatizo lilikuwa lile lile kila mara: betri inakufa safarini, pampu ya kutolea maji inazunguka kwa uvivu, injini inagoma kuwaka. Mama Chaji alipima. Altaneta ikiwa na afya husoma volti kumi na nne na kitu. Hii ilisoma kumi na mbili na nukta nne, yaani kile kile ilichonacho betri peke yake. Akasema imekufa. Akaifungua, akaitia kwenye mfuko, akampelekea shemeji yake.

Huyu shemeji ni mdogo wa marehemu mumewe, na watu wanamwita Msukaji, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kusuka upya nyaya za shaba ndani ya mota, dainamo na altaneta. Alikuwa na chumba kimoja nyuma ya duka la fundi cherehani, meza moja, taa moja, na subira ya watu kumi. Ufundi alifundishwa na kaka yake, meza moja na Mama Chaji, mwaka mmoja. Siku ile aliifunga altaneta mezani, akaizungusha, akapima.

"Shemeji, hii nzima. Kumi na nne nukta tatu."

"Ingekuwa nzima nisingeibeba na mgongo wangu huu."

Msukaji akabadilisha kaboni, zile zinazosugua ndani, ili tu amridhishe. Ikarudishwa kwenye boti, ikalala. Ikapelekwa mara ya pili, akaibadilishia regyuleta, kile kidude kinachodhibiti umeme unaotoka. Ikalala. Mara ya tatu Msukaji akaivua nyaya zote, akakaa nayo siku nne akiisuka upya uzi kwa uzi. Mezani ilisoma kumi na nne. Botini, kumi na mbili nukta nne.

Siku hiyo mvua ilikuwa inanyesha, abiria wanamfokea nahodha, nahodha anamfokea Mama Chaji, na Mama Chaji hana wa kumfokea. Uchovu ni kitu kibaya jamani. Mtu aliyechoka hana breki mdomoni. Alipanda juu, akasimama kwenye gati mbele ya manahodha wote waliokuwa wamejibanza chini ya paa la bati, akasema kwa sauti: "Shemeji yangu mikono imeisha. Tafuteni mtu mwingine. Mimi simpelekei tena hata kiberiti."

Wapo waliocheka, wapo walioangalia pembeni. Maji yakishamwagika hayazoleki. Wiki mbili baadaye alisikia kwamba Msukaji amefunga chumba. Alijiambia watu wote wanazeeka, mbona hata yeye anazeeka. Alijiambia hivyo kila alipokumbuka, na alikumbuka mara nyingi, hasa alipokuwa anaosha vyombo. Kwenda kumwona hakwenda. Alikuwa na hasira naye, na chini ya hasira kulikuwa na aibu, na vyote viwili vilikuwa vizito kuvibeba hadi mlangoni kwa mtu.

Sasa altaneta mpya, ambayo mkono wa Msukaji haujawahi kuigusa, nayo imelala.

"Vipya vya siku hizi navyo vyote feki," alisema peke yake, akavaa kiatu cha pili, akatoka.

Nahodha alimpokea gatini na uso wa mtu aliyekwisha kuchoka kukasirika. Alikuwa amewarudisha abiria wa safari ya kwanza. Miongoni mwao alikuwemo mama mmoja mwenye miadi hospitali ng'ambo, na nahodha akamweleza Mama Chaji habari hiyo mara mbili.

"Nimekusikia mara ya kwanza, nahodha. Washa injini."

Iliwaka kwa betri ya kuazima. Mama Chaji alifunua mfuniko wa sakafu, akashika ukingo, akajishusha chini mguu mmoja mmoja, akiguna. Humo ndani ni joto, moshi na kelele, na nafasi yenyewe ni ya mtu wa nusu ya umbo lake. Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Walisema kwa maana yao. Kwa Mama Chaji ngama ni hapo hapo chini, maji machafu yanapojikusanya, na methali ni ratiba ya kazi.

Hapa lazima nieleze mazoea yake, maana kisa chote kimelalia hapo. Mita ya kupimia ina nyaya mbili, mwekundu na mweusi. Marehemu alimfundisha kwamba mweusi unaubana kwenye hasi ya betri, unauacha hapo hapo, halafu unatembea na mwekundu peke yake, huku na huku, unapima. "Waya mweusi hauondoki," alikuwa akisema, na kwa miaka thelathini mweusi haukuondoka. Ni sheria nzuri. Inamzuia fundi asichanganyikiwe. Kwenye altaneta ile ya zamani, mara zote, alipima hivyo hivyo, mweusi kwenye betri, mwekundu kwenye altaneta.

Ila kwenye boti hii betri iko mwisho kabisa, chini ya viti vya abiria, na kuifikia ni kutambaa kwa tumbo. Asubuhi hiyo Mama Chaji aliangalia kule, akaangalia magoti yake, akasema hapana. Leo hapana. Akaubana waya mweusi kwenye mwili wa altaneta yenyewe, hapo hapo karibu na pua yake. Chuma si chuma? Akagusa mwekundu mahali umeme unapotokea.

Mita ikasoma kumi na nne nukta tatu.

Akaitikisa mita. Akaipiga kofi dogo. Kumi na nne nukta tatu.

Basi ikabidi atambae. Alitambaa akilaani, akaubana mweusi kwenye hasi ya betri, akarudi kinyumenyume na mwekundu, akagusa pale pale. Kumi na mbili nukta nne. Altaneta moja, dakika moja, majibu mawili.

Mama Chaji alikaa kitako kwenye maji machafu. Alikuwa ameshaelewa, lakini alijipa muda kidogo wa kutoelewa, kwa sababu aliona kinachokuja nyuma yake.

Umeme ni kama mgeni, haji mahali pasipokuwa na njia ya kurudia. Njia ya kurudia ya altaneta hii haina waya. Ni mwili wake wenyewe, ambao umekalia chuma cha kuishikilia, nacho kimekalia injini. Chuma kikigusa chuma, umeme unapita. Kikizuiwa, altaneta inatoa kumi na nne yake safi, na betri haioni kitu. Fundi aliyebana waya mweusi kwenye betri atasema altaneta imekufa. Aliyeipima mezani, mwilini mwake, atasema nzima. Na wote wawili mita zao zinasema kweli.

Alipima jambo moja la mwisho, kati ya mwili wa altaneta na hasi ya betri. Hapo ilitakiwa isome sifuri. Ilisoma moja nukta tisa.

"Zima," alimwambia nahodha.

Akafungua bolti mbili, akaivuta altaneta pembeni, akachomoa kile chuma cha kuishikilia. Chini yake kulikuwa na rangi. Rangi ya kijani, nzito, laini, haina hata mkwaruzo. Pande zote mbili.

Aliijua rangi ile. Boti zinapopandishwa nchi kavu kila mwaka kusafishwa, pale gatini wana mazoea yao: kopo la rangi likishafunguliwa halirudi nyumbani na kitu ndani. Likibaki robo, inatafutwa sehemu ya kupaka, hata kama ni ndoo. Mwaka huu lilibaki robo, na Mama Chaji alikuwa amekiona kile chuma kina kutu, kikamtia aibu kwa kuwa injini ni kazi yake. Akakifungua, akakipaka mikono miwili, rangi juu ya rangi, mbele na nyuma, akakianika juani, akakifunga. Nahodha alikisifia, akakipiga hata picha. Wiki za kwanza umeme ulipenya kwenye meno ya bolti, chuma kwa chuma. Chumvi na unyevu vikaingia kwenye meno hayo, njia ikaziba polepole, betri ikaanza kufa. Nyani haoni kundule, wanasema. Huyu nyani alilipaka rangi kabisa.

Alikipiga msasa kile chuma mpaka kikang'aa, akapiga na mahali kinapokalia kwenye injini, akakaza bolti. Injini ikawashwa. Akatambaa tena hadi kwenye betri, bila kulalamika safari hii. Kumi na nne nukta mbili.

Nahodha alikuwa amechuchumaa kwenye ukingo wa sakafu, anamwangalia. "Ilikuwa nini?"

Mama Chaji alimweleza yote, akiwa bado chini, kichwa kimeinama. Nahodha alisikiliza, akakuna kidevu.

"Mama, hilo tuliache humo humo ndani. Nitawaambia waya ulilegea. Waya kulegea ni jambo la kawaida."

Nisiwadanganye, alilitaka. Alilitaka neno hilo la waya kulegea kwa moyo wake wote. Lingemtosha kumfikisha nyumbani, aoge, alale. Wateja wangebaki, jina lingebaki. Na Msukaji angebaki alipo, mtu aliyeishiwa mikono. Alifuta mita kwa kitambaa, taratibu kuliko inavyohitajika, akafikiri jinsi atakavyoosha vyombo jioni.

"Nipe mkono nipande," alisema.

Manahodha wanne walikuwa wamekaa chini ya paa la bati wakingoja abiria. Mama Chaji alisimama pale pale aliposimama siku ya mvua, maji machafu yakimchuruzika gauni.

"Ile altaneta niliyosema shemeji yangu ameiharibu, ilikuwa nzima. Kosa lilikuwa rangi, na rangi nilipaka mimi. Mikono yake haina tatizo. Mdomo wangu ndio una tatizo."

Mmoja wao akasema, "Leo Mama Chaji kajipiga shoti mwenyewe," wakacheka kidogo, na yeye akawaacha wacheke, ni haki yao. Kisha nahodha wa boti ya mizigo, mtu mzima, mwenye kusema kidogo, akakohoa.

"Sasa mama, wewe ulidhani sisi ndio tulimwacha? Mdomo wako tunaujua. Ukikasirika unafukuza hata samaki. Mimi wiki ile ile nilimpelekea dainamo yangu."

"Ikawaje?"

"Akakataa. Alisema hawezi."

"Na mimi alinirudisha," mwingine akasema. "Mara mbili."

Mama Chaji hakwenda kuoga. Alibeba sanduku lake la spana, akashika njia ya nyuma ya masoko, akapumzika mara mbili njiani kwenye vizingiti vya watu. Jua lilikuwa la saa saba, watu wako ndani. Alimkuta Msukaji amekaa kwenye stuli mlangoni kwake, ungo wa maharage mapajani, anachambua. Alikuwa amekonda.

"Karibu, shemeji. Umepotea."

"Nimepotea kweli."

"Mbona umelowa? Kaa, nikuletee maji."

"Usiniletee kitu. Acha niseme kwanza, nikikaa sitasema."

Akasema akiwa amesimama, sanduku bado mkononi. Alianzia kwenye magoti yake na waya mweusi, akaishia kwenye rangi. Msukaji aliacha kuchambua.

"Rangi," alisema.

"Pande zote mbili. Mikono miwili."

"Ulipopima mwili wa altaneta na hasi ya betri, ilisoma ngapi?"

"Moja nukta tisa."

Msukaji aliitikia kwa kichwa, haraka haraka, na kwa muda mfupi uso wake ukawa ule wa zamani, wa mtu aliyeinamia meza. "Inatosha hiyo. Inatosha kabisa kuiua betri." Kisha uso ukarudi ulivyokuwa.

"Gatini nimeshasema," Mama Chaji aliendelea. "Mbele yao wote. Lakini wameniambia kwamba kazi walikuletea, ukakataa. Kwa nini, shemeji?"

Msukaji alichagua kijiwe kutoka kwenye maharage, akakitupa.

"Ile mara ya tatu niliisuka siku nne. Nikaipima, kumi na nne. Wewe ukasema imekufa. Sasa nimwamini nani? Kaka alipokuwa anatufundisha, wewe ndiye uliyekuwa unaona kosa kabla yangu, kila siku. Nikasema kama shemeji anaona kosa na mimi silioni, basi macho yangu yananidanganya, na mita yangu nayo inanidanganya. Jirani akaniletea feni. Nikaisuka, ikazunguka vizuri. Nikairudisha kwao, halafu siku tatu nikawa napita dirishani kwao kunusa kama inaungua."

"Iliungua?"

"Mpaka leo inazunguka. Lakini mimi nilishindwa, shemeji. Kila nikishika waya naona nitaunguza nyumba ya mtu. Meza nikamwachia fundi cherehani anakatia vitambaa. Mita niliitupa shimo la taka."

Mama Chaji aliweka sanduku chini. Alikuwa amekuja amejiandaa kutukanwa, na angeshukuru kutukanwa.

"Nisamehe, shemeji."

"Nimekusamehe. Wewe ni mke wa kaka yangu, nitakuweka wapi?"

"Basi rudi kazini. Chukua mita yangu hii. Kesho nakuletea ile ya zamani, bado ninayo, uione mwenyewe ikizunguka."

Msukaji alitikisa kichwa. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililomuumiza Mama Chaji kuliko yote.

"Usiniletee. Nikiiona itanirudishia siku zile nne. Nilikaa pale mezani natafuta kosa ambalo halipo, nikalikosa kwenye nyaya, nikaanza kulitafuta kwangu. Na ukilitafuta kwako, shemeji, hulikosi." Akashusha pumzi. "Kumbe ilikuwa nzima."

"Ilikuwa nzima."

"Na mimi pia."

Mama Chaji alikaa kwenye kizingiti karibu na stuli, na gauni lake lililolowa. Alichota konzi ya maharage kutoka kwenye ungo akaanza kuchambua naye, machozi yanamtoka, na shemeji yake hakumwambia anyamaze.